Mgeni Kitandani Kwangu

Jumanne, Bariadi

"Mpelekeni kwa mayu, mama yetu huyu, yeye hana neno." Mke wa mchungaji alisema hivyo leo kanisani mbele ya watu wote, na mwinjilisti wa semina akaletwa kwangu na begi lake. Hakuna aliyeniuliza.

Kesho nilikuwa niende Lamadi. Mwanangu Ester amejifungua, na nguo za mtoto nimeshazifunga kwenye kitenge tangu juzi. Nilifungua mdomo kulisema hilo, nikajisikia nasema, "Karibu sana, mtumishi."

Sasa amelala kitandani kwangu, na mimi niko jikoni kwenye mkeka, goti linaniuma. Semina inaisha Jumapili.

Wakati wa kula aliniambia, "Mama, wewe umejikana kweli. Umeubeba msalaba." Nikatabasamu, nikamwongezea mchuzi. Ningeweza kummwagia.

Halafu Ester akapiga simu. "Mama, unakuja na basi la saa ngapi?"

Nikamwambia siji, nina kazi ya Bwana.

Nilisikia mtoto analia huko kwake. Kisha akasema, "Sawa, mama. Nimezoea."

Nimezoea. Bora angenigombeza.

Bwana, kama huu ndio msalaba wako, nitaubeba, hata na goti hili. Lakini nilipomkaribisha yule mtu sikukuwaza wewe hata kidogo. Nilikuwa naangalia uso wa mke wa mchungaji, naogopa usikunjamane.

Wanasema nimejikana. Niliyemkana leo ni Ester.