Mbwa Amenenepa

Mwanangu Qiaoling,

Salamu kutoka huku mlimani. Mapea yameiva. Jogoo wa jirani aliingia bustanini mwangu. Jirani hanisalimii, na supu ilikuwa tamu.

Unamkumbuka yule mwalimu kijana wa mjini, aliyelalamika kwamba watu wa hapa hatusemi "kwa sababu"? Nilimwambia, "Mwalimu, mvua imenyesha, nguo ziko ndani. Hapo umepotelea wapi?"

Juzi baba yako alinijia juu: "We Shufen, mdomo wako hauna mlango! Mtoto ndiyo kwanza amepandishwa cheo. Ole wako umwandikie aache kazi aje kwa sababu yangu!"

Nikamwapia. Kaka ni kaka, hata akiwa mkaidi kama punda wa kinu.

Neno hilo siliandiki humu, mwanangu. Nakupa habari za nyumbani tu. Kila asubuhi nampikia tambi za siki, zile azipendazo. Mbwa amenenepa. Mkanda wa baba yako nimeutoboa tundu jipya, na suruali bado inashuka. Mapea yanaozea chini ya mti, ngazi imelala ukutani. Daktari alikuja wiki iliyopita; nilimmiminia chai, akaiacha ipoe, akaondoka bila kunitazama usoni.

Kitanda chako nimekwisha kukitandika. Treni ya Ijumaa, nasikia, bado ina nafasi.

Ni mimi shangazi yako, ambaye kiapo chake hakijavunjika,
Shufen