Hundi Zimesainiwa, na Mume Wangu Anasema "Nipeleke"

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize kabla mkono wangu haujafanya jambo ambalo mdomo wangu hautaweza kulieleza. Mume wangu ni fundi makochi, mtaani wanamwita Sponji, na uvimbe ulipoanza pajani alitania kwamba amejijaza sponji mwenyewe, tukacheka, tukauchua kwa maji ya moto, ukakua mpaka suruali ikagoma kupanda, na tulipofika hospitali daktari akasema ni saratani ya nyama laini, ya aina inayowapata watu wachache mno, na kwamba dawa atakazompa zilitengenezewa saratani nyingine. "Tunajaribu tu," daktari akasema, "ugonjwa wa watu wachache hauna wa kuuhangaikia."

Maneno hayo yalimkaa Sponji kooni. Akiwa bado anatembelea gongo aliwatafuta wenzake wodi kwa wodi, akaunda kikundi, kinaitwa Tulio Wachache, cha wagonjwa na jamaa zao, tunasindikizana kliniki, tunapikiana, tunazikana, na kila mtu anachanga alichonacho kwa ajili ya utafiti, yaani jokofu maalumu la kuhifadhia vipande vya uvimbe na vipimo vyake, ili wataalamu wapate cha kuchunguza. Mimi ndiye mweka hazina. Mwenyekiti ni mwalimu wa chekechea, naye ana ugonjwa huohuo begani. Hundi inataka sahihi zetu sote wawili, na mwalimu alipolazwa aliniachia kadhaa ameshazisaini, akasema, "Maabara wakidai, uwalipe, usinisubiri mimi."

Sasa ugonjwa umeingia mapafuni kwa mume wangu. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, amepata wakala wa hospitali ya ng'ambo anayeapa kwamba huko atapona, ila wanataka malipo kwanza, na daktari wetu alipoelezwa akatikisa kichwa, akasema hakuna walichonacho ambacho yeye hana, na safari yenyewe inaweza kummaliza njiani. Akataka kutuletea nyumbani muuguzi wa kutuliza maumivu, nikakataa, kwa sababu kwangu kumkaribisha yule muuguzi ni kuchimba kaburi mtu akiwa bado anapumua. Shemeji amejua habari za hundi. Alinisimamia jikoni akasema, "Shemeji, jokofu lina mke? Jokofu lina watoto? Andika, lawama nitabeba mimi." Nikamkumbusha kwamba ndugu yake mwenyewe alisema kikaoni, mbele ya watu, fedha hizi zisiguswe hata kama anayekufa ni yeye. Akatoka jikoni, nami nikajiona nimeshinda.

Lakini jana mchana nikimbadilishia shuka, Sponji akanishika kiganja. "Mke wangu, yale maneno niliyasema nikiwa na nguvu. Nipeleke." Mshauri, huyu ni mtu ambaye hata maji ya kunywa haombi, hungoja uyaone mwenyewe kuwa yameisha. Nikamjibu nitaona, nikatoka na shuka mikononi, nikasimama uani kama mgeni aliyekosea nyumba. Hundi zimo mkobani mwangu. Nikiandika, nimewaibia wagonjwa wenzake, na wengine wao nimewazika mimi. Nisipoandika, atakufa akijua nilikuwa na uwezo nikaukalia. Nifanye nini?

Mke wa Fundi

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa Fundi, pole, na siisemi kwa mazoea. Majibu haya nilikupa kwa simu siku ileile barua yako iliponifikia, maana ugonjwa haungoji gazeti. Nayachapisha kwa ruhusa yako.

Hundi hizo zirudishe leo kwa mwalimu, mkononi mwake, kitandani alipo. Usingoje kesho. Mtu mwenye njaa hakai na chungu cha jirani halafu akajisifu kwa uaminifu. Fedha ile si yako, si ya Sponji, wala si ya shemeji wa kubeba lawama. Lawama habebi mtu, dada yangu. Itashuka kwako na watoto wako. Ukitaka kuomba, kiombe kikundi waziwazi, na maneno ya daktari uyaseme pia. Wakikataa, wamezuia kilicho chao.

Shemeji usimfanye adui. Anapotelewa na ndugu na hana la kushika, ndiyo maana ameshika mkia wa wakala. Mpe kazi. Mwambie amnyanyue mgonjwa, amwogeshe.

Sasa nikugombeze. Mumeo amekwambia "nipeleke", nawe ukasikia safari ya ndege. Hukumuuliza akupe neno la pili. Ulimwambia "nitaona" ukakimbilia uani! Mgonjwa haambiwi nitaona, mama. Hilo ni jibu la mtu anayedaiwa. Na muuguzi ulimfukuza kwa nini? Uliogopa wewe, akaumia yeye. Mpigie daktari, mwambie umebadili mawazo. Kisha kaa kitandani kwa mumeo, umwambie ukweli kwamba ng'ambo hakuna dawa, umuulize anaogopa nini. Akilia, mwache alie.

Hayo ndiyo niliyokwambia. Wasomaji wanastahili kujua yaliyofuata, kwani ulinipigia tena.

Ulizirudisha. Mwalimu alizipokea, akasema, "Ningekuwa wewe, ningeandika." Mkalia pamoja. Muuguzi alikuja na dawa ya maumivu, akaonyesha namna ya kumlaza ili pumzi ipite. Ulipomuuliza Sponji, alisema haogopi kufa, anaogopa kukosa pumzi watoto wakimtazama. "Nilitaka nikafie mbali," akakwambia, "wasinione." Wewe ulikuwa unamtafutia uhai, kumbe yeye anatafuta pa kujificha. Mkapanga watoto watakaa kwa nani siku ikifika. Kikundi ulikuwa umeshakiomba fedha za safari, kikakataa, na wawili kati yao hawakusalimii mpaka leo kwa kuuliza tu.

Sponji alifariki asubuhi, ameegemea kifua cha kaka yake. Hakufa kwa raha, usiruhusu mtu akudanganye, lakini maumivu yalikuwa yamepungua. Na huyohuyo kaka aliyempakata alisimama msibani akasema mbele ya waombolezaji, "Mke huyu alichagua jokofu." Uliniuliza kwa sauti iliyokauka, "Mshauri, ni kweli?"

Si kweli. Kilichomuua mumeo ni saratani, ile iliyokosa dawa kwa kukosa watu wa kuitafutia. Shemeji usimjibu sasa. Maneno ya msibani ni matapishi ya uchungu, ukiyakanyaga yatakuchafua. Yakipoa, mwite pamoja na mzee mmoja wa ukoo na daktari, ayasikie yote kutoka kwa mtaalamu. Akikataa kuja, umemaliza; watoto wasimchukie. Wale wawili wasiokusalimia, wewe wasalimie. Uweka hazina uache kwa muda, mkono unaotetemeka usishike mfuko, ila kikundi usikiache.

Uliniambia mwalimu ameruhusiwa kutoka hospitali, anarudi kliniki wiki hii, na hana wa kumpeleka. Usingoje machozi yakauke, hayatakauka. Nawa uso, vaa viatu, nenda kamshike mkono.