Kisu cha Krismasi

Didia,
5 Desemba 1971

Dada yangu Mwahija,

Shikamoo. Habari za siku nyingi, na hali ya shemeji Hatibu na watoto? Sisi hatujambo. Mvua imeshika, na Herman anacheza mpira kwa mguu ule ule uliovunjika.

Dada, wiki zote zile nilizomuuguza hapo hospitali ya Shinyanga ulinilaza kwako na kunipikia, wala hukuniuliza nasali wapi. Nimemwambia mume wangu Athanas, Krismasi hii hatuli bila ninyi. Njooni nyote. Kuhusu nyama msiwe na wasiwasi: mbuzi yupo, atachinjwa na shemeji mwenyewe. Baba mkwe nimemweleza, akaguna. Kwake kuguna ndiyo kukubali.

Mdogo wako,
Mama Herman


Shinyanga,
29 Desemba 1971

Mdogo wangu Scolastika,

Salamu nyingi. Tulirudi salama. Nakuandikia nikiwa na hasira, nivumilie.

Tulipofika kwenu mlikuwa hamjatoka kanisani; nyumbani yupo baba mkwe wako tu, mzee Bujiku. Hatibu alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu. Akamwuliza mzee kwa adabu, "Baba, mbuzi yuko wapi?" Mzee akanyoosha kidole kwenye sufuria. "Yumo." Kisha akasema, "Hapa kwangu, siku aliyozaliwa Bwana wangu, kisu nashika mimi. Nyama ni nyama."

Ukarudi, ukaona, na hukusema neno. Uliingia jikoni ukatuletea ugali na maziwa. Wanangu wakawa wanatazama sahani za wenzao. Chausiku akaniuliza mbele za watu, "Mama, sisi tumekosa nini?" Nilimjibu nini, Scolastika?

Ugali na maziwa tunakula kila siku, si hilo. Ni kule kunyamaza kwako. Hatibu anasema niyaache. Sijaweza.

Dada yako,
Mwahija


Didia,
16 Julai 1972

Dada Mwahija,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Barua za kukujibu nimeziandika na kuzichana, sasa hii naipeleka hivyo hivyo.

Wewe ungesema nini mbele ya baba mkwe wako, wageni wamekaa, majirani wanachungulia? Huku kwetu mkwe hata jina la baba mkwe halitaji ovyo. Nililia jikoni, nikasingizia moshi. Usiku nikamwambia Athanas, "Wewe ndiye mwanawe, sema naye." Akanijibu, "Baba ni baba," akageukia ukutani.

Basi wewe umenikasirikia mimi, mimi nimemkasirikia Athanas, Athanas anamwogopa baba yake, na mzee mwenyewe analala usingizi mzuri. Nimechoka, dada.

Mdogo wako,
Mama Herman


Shinyanga,
2 Desemba 1972

Mdogo wangu,

Habari za huko? Sisi wazima, ila Chausiku ana kikohozi.

Hatibu amenisema sana. Anasema undugu hauwezi kufia kwenye sufuria. Krismasi hii njooni ninyi. Kanisa liko karibu na kwetu, mtasali, kisha mtakula hapa. Napika pilau. Sijaacha kununa, lakini njoo.

Dada yako,
Mwahija


Didia,
20 Desemba 1972

Dada yangu,

Shikamoo. Hatuji. Nilikuwa nimeshafua nguo za watoto. Jumapili baada ya misa mzee akasema, "Hakuna mtu wa nyumba hii atakayekula Krismasi kwa Mwislamu." Athanas akatazama chini.

Safari hii sikunyamaza. Nilimwambia, "Baba, mjukuu wako alipolazwa, uji wake ulitoka kwa huyo Mwislamu. Wewe hukuja hata kumtazama." Tangu siku hiyo simsalimii. Namwekea ugali wake, nageuka. Majirani wanasema nimepata wazimu.

Sijui kama barua hii itawahi. Usipike bure.

Mdogo wako,
Mama Herman


Shinyanga,
27 Desemba 1972

Mdogo wangu Scolastika,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nilishapika.

Juzi tulikaa tukiwangoja, Hatibu kila mara akitoka barabarani. Mchana ukapita. Nilikuwa nakutukana moyoni mlango ulipogongwa. Mzee Bujiku! Peke yake, kofia mkononi, viatu vimejaa tope, amekuja kwa lori.

Hatibu akasema, "Shikamoo baba. Wengine wako wapi?"

"Wamebaki," akajibu. "Mkwe wangu hanisalimii. Nimechoka kula ugali wa mtu asiyesema. Nionyesheni mnavyochinja."

Kuku mmoja alikuwa bado yu hai. Hatibu akachukua kisu, na mzee, bila kuombwa, akainama akashika miguu ya kuku. Hatibu akasema Bismillahi, Allahu Akbar, akachinja. Mzee akauliza, "Ni maneno hayo tu?"

"Hayo tu, baba."

Akaiachia miguu ya kuku. "Mbona mafupi."

Kisha akanawa, akakaa mkekani na watoto, akala pilau sahani mbili. Chausiku akamwuliza kama ndiye babu wa mbuzi. Niliona aibu, lakini mzee akacheka mpaka akapaliwa. Radhi hakuomba, na Hatibu hakumdai. Alipoondoka alisema "wabeja" tu, asante ya Kisukuma, na nyama ya kumpelekea Herman akaifunga mwenyewe kwenye leso yake.

Sasa nakuuliza: mwaka mzima nimenuna kwa ajili yako, nimepika kwa ajili yako, akaja kula yeye! Nani atanilipa hasira yangu? Usiniandikie tena barua. Msalimie mzee, kisha panda gari uje.

Dada yako,
Mwahija