Mtama Mweusi wa Kumsenga

Kibondo,
Julai 1975

Kaka yangu mpendwa Pasikali,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe na wifi. Sisi tunapumua, ingawa mwaka huu umetuelemea.

Tulipohamishwa kutoka Kumsenga mwaka jana kuja kijiji hiki cha barabarani, Mama alibeba mbegu ya mtama aliyoiacha marehemu Baba. Tuliipanda, ikastawi. Masuke yalipotoka, mahali pa punje palikuwa na vifuko vya masizi. Ukigusa, vumbi jeusi linakurukia usoni. Bwana shamba alieleza kuwa ni ugonjwa unaojificha ndani ya mbegu, akaagiza tuchome yote. Mama alilia kama siku ya msiba. Alisema tunamchoma Baba.

Kesho yake hakuwapo. Nikamfuata Kumsenga.

Nyumba yetu haina paa tena, lakini shambani mtama umejiotea wenyewe, mrefu kunizidi, wote mweusi. Hapakuwa na upepo, na bado vumbi lilikuwa likipanda. Mama aliketi katikati, uso umejaa masizi, akizungumza taratibu, akinyamaza, kisha akicheka kama mtu aliyejibiwa. Aliponiona hakushtuka. Alinivuta akaninong'oneza, "Pelagia, ukiitwa humu usiitike. Mimi naongea tu, sijaitika hata mara moja."

Nikamshika mkono tukaondoka. Nyuma yetu mabua yakawa yanavunjika, moja baada ya jingine, yakitukaribia.

Mama sasa ni mzima. Anakula, anapalilia mihogo, anacheka na majirani. Lakini kuna jambo sijamwambia yeye wala mume wangu Kipriani. Tulipofika ukingoni mwa shamba, niliitwa kwa lile jina la utotoni ambalo Baba peke yake alilitumia. Ilikuwa sauti yake, Kaka, ila imechoka, kama ya mtu aliyeshinda na njaa. Nilimwonea huruma.

Niliitika.

Tangu hapo naamka na vumbi jeusi viganjani. Nanawa, linarudi. Juzi nilikohoa, kitambaa kikawa cheusi.

Nakuomba uje umchukue binti yangu Immakulata akae nanyi. Usichelewe. Ameanza kuniuliza ninaongea na nani nikiwa peke yangu jikoni.

Mama na Kipriani wanawasalimu sana. Mbusu wifi kwa niaba yangu, na Mungu awatunze.

Mdogo wako akupendaye,
Pelagia