Mizizi ya Alizeti Inalikimbia Jua

Ilemela, Jumapili usiku

Bado nina hasira na mwanafunzi wangu Rhoda, ingawa sasa sina hakika kama ninayo haki.

Ijumaa ilikuwa zamu ya darasa lake kufanya usafi. Akabandua karatasi nyeusi nilizozungushia chupa za miche ya alizeti, akazisugua chupa na kuzipanga dirishani zing'ae. Mizizi yangu ikabaki uchi juani!

Jana nikaikuta yote imepinda kuelekea ndani ya chumba.

Nikamwuliza Rhoda, "Umeivuta?"

"Hapana, Mwalimu. Imejigeuza yenyewe."

Sikumwamini. Nikageuza chupa moja. Leo ncha zake zimepinda upya, zikilikwepa dirisha. Kitabu kinasema majani yana protini inayohisi mwanga. Kuhusu mizizi, kimya. Kumbe hata huko chini kuna kitu kinachoona? Kinaona nini gizani?

Kesho mgeni wa Chama anakuja kukagua shamba letu la kujitegemea. Mkuu wa shule anataka aone majembe, si chupa, kasema zitupwe. Nimezileta nyumbani, zimefunikwa khanga. Mkuu akiniuliza ziko wapi...

Miaka yote nimewafundisha watoto kwamba alizeti hulifuata jua. Nusu yake hulikimbia, na nusu hiyo ndiyo inayoisimamisha.