Isale la Dada Doris

Jumamosi, 29 Juni 1996

Mkutano wa tatu mfululizo kuhusu sare. Wa tatu! Kitenge cha zambarau au cha kijani? Sisi ndio Umoja wa Wanawake Waandishi wa Moshi, tuliojiapiza kumkomboa mwanamke kwa kalamu, na tangu Pasaka hatujasomeana hata ukurasa mmoja. Sebule ya Dada Doris pale Shanty Town ilinukia sambusa. Yeye ndiye mwenyekiti wetu (wa maisha, naona), na akatusimulia ya mkutano wa wanawake wa Beijing kwa mara nyingine. Alifika Nairobi tu, kwenye kikao cha maandalizi. Lakini akishasema "Beijing" wote tunatikisa vichwa.

Na tunaitana dada. Dada Violet, sogeza kiti. Dada Violet, onja sambusa. Mama aliyenizaa haniiti kwa utamu huo.

Zambarau imeshinda.

Watu wameshashika mikoba, ndipo Doris akamtangaza mgeni rasmi wa uzinduzi wa kitabu chetu, tarehe 13. Mwanamume, bila shaka – nani mwingine akate utepe? Mzee Aristides wa Kibosho, mnunuzi wa kahawa, ambaye pia amegharamia uchapaji. Mpenda maendeleo ya akina mama! Makofi.

Baba yangu mdogo. Na Doris anajua. Kibosho nzima inajua.

Sikupiga makofi. Rafiki yangu Mwantum peke yake ndiye aliyenitazama.

Jumapili, 30 Juni

Misa sikusikia hata neno. Nilikuwa nagombana na Doris kichwani.

Kwenye hadithi yangu iliyomo kitabuni nilibadilisha majina, lakini hapa sina wa kumficha. Baba alikufa, hata mwaka haujaisha, Aristides akang'oa masale, ile mimea ya majani marefu iliyokuwa mpaka wa kihamba chake na chetu, mashamba ya ukoo. Akayapanda upya hatua chache kutoka jikoni kwa mama. Kahawa yote ikawa upande wake. Wazee walipoanza kuguna, akakata jani kwenye masale yale yale, akalifunga fundo, akamtuma mzee mmoja alilete kuomba radhi. Kwetu jani la isale halikataliwi. Ukilipokea umesamehe, na shauri limekufa hapo. Ukilikataa, laana ni yako.

Mama akapokea. Padre akamsifu mbele ya kanisa zima kwa moyo wake wa Kikristo. Kahawa haikurudi.

Kwenye hadithi yangu mjane hapokei. Anamlisha mbuzi. "Mbuzi akatafuna hadi fundo." Ndiyo sentensi ya mwisho, na ndiyo sentensi pekee niliyowahi kuandika ambayo sioni haya nayo.

Jumatano, 3 Julai

Mwantum kaja mbio kutoka cherehani yake, na uzi bado umemning'inia begani. Kaka yake Yunusu ndiye anayetuchapia. Kanitolea karatasi iliyochapwa. Hadithi yangu. Jina langu. Mbuzi hayupo!

"Machozi ya furaha yalimtiririka mama yule alipolipokea jani la amani. Wakala, wakanywa, wakacheza."

Wakacheza! Mama yangu hakucheza hata siku ya kipaimara changu.

Nikamuuliza Mwantum kama na shairi lake limekatwa. Akasema halikuguswa, kwa sababu Doris halielewi. Tukacheka mpaka nikalia kidogo.

Alhamisi, 4 Julai

Nimetoka shule ninakofundisha moja kwa moja mpaka kwa Doris. Alinipokea kwa kumbatio. Nikamuuliza, mbuzi wangu yuko wapi?

Akasema mbuzi angemuudhi mgeni rasmi. Akasema mila zetu nazo zina mazuri yake, dada. Huyu huyu mwezi wa nne alitutolea mada ya "Mila Kandamizi" kwa saa mbili, na ubao, na chaki za rangi! Akasema hadithi sasa ina matumaini, wasomaji wanataka matumaini. Akasema nina kipaji kikubwa mno. Kilemba cha ukoka hicho, na mimi kichwa changu hakikitaki.

Nikamwambia basi aondoe jina langu. Haiwezekani, vitabu vimeshafungwa. Vizuri, nikasema. Kwenye ratiba mimi ndiye msomaji wa kwanza. Nitasimama na karatasi yangu mwenyewe, nitasoma mwisho wangu, na mbuzi wangu, na Mzee Aristides akiwa kiti cha mbele.

Alicheka. Halafu akaona sicheki.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Mji mzima umepumzika, isipokuwa Tabitha, katibu wetu, aliyetumwa kunishauri. Alikunywa chai vikombe vitatu. Ushauri wenyewe: tusioshe vyombo vyetu hadharani, tusiwape wanaume nafasi ya kutucheka. Nikasema Tabitha, mwanamume tumeshamwekea kiti chenye kitambaa! Akasema kitambaa ni heshima tu.

Anaogopa Doris atamtoa kwenye safari ya semina ya Arusha. Hilo hakulisema. Lilionekana namna alivyokoroga sukari.

Jumatano, 10 Julai

Gari la Doris limeonekana likipanda Kibosho. Doris! Kwa barabara ile, na viatu vile! Hajapanda huko tangu mazishi ya baba mkwe wake. Mwantum anasema kuna jambo linapikwa.

Nimesoma mwisho wangu mbele ya kioo mara nyingi. Kila mara naishia pale pale, kwenye neno "mbuzi". Mama hajui kwamba niliandika. Sikumwambia. Kama atasikia kwa watu kwamba nimemwanika mbele ya ukoo, sijui nitamtazama vipi. Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 13 Julai – asubuhi

Uzinduzi ni saa nane. Kitenge cha zambarau kinaning'inia mlangoni, kitanifanya nifanane na pazia la Kwaresima.

Na mama yuko hapa.

Nilisikia gari, nikachungulia – la Doris. Akashuka mama, peke yake, na kanga yake ya kanisani. Doris kabaki ndani, vioo juu. Nikatoka, shikamoo mama, marahaba mwanangu. Mkononi ana jani la isale. Limefungwa fundo.

Hivyo ndivyo anavyofanya mwanaharakati wetu! Mkuki kwa nguruwe... Mila kandamizi mpaka zikufae wewe. Na hakumtuma mzee yeyote tu. Kamfuata mama yangu Kibosho, kamketisha kwenye kiti cha mbele cha gari, kamtuma kwangu. Nani anamrudisha mama yake na isale mkononi? Nikilipokea nimesamehe. Saa nane nitasoma machozi ya furaha, na baba mdogo atapiga makofi.

Nikamkaribisha ndani. Najifanya nasahihisha madaftari ya Kidato cha Pili, ndiyo maana naandika. Yeye anakunywa chai. Jani liko juu ya mapaja yake. Hajalinyoosha kwangu, nami sijatoa mkono.

Akaanza kwa Kichagga, taratibu. "Nimetumwa, nimefika. Yule mama wa gari alinisomea kitabu chenu. Amenisomea vizuri. Nikamwuliza, mbona huyu mjane anacheza? Akasema wewe ulitaka iwe vingine, ulitaka mambo ya mbuzi, ndiyo nije nikutulize."

Nikasema, mama, nisamehe. Hata hakunisikia.

"Huyo mbuzi," akasema, "alilila lote?"

Nikasema lote.

"Na fundo?"

"Na fundo, mama."

Akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu baba alipokuwa hai – kicheko cha puani, kama mtu aliyezuia chafya kanisani. Kisha akaweka kikombe chini.

Nje Doris anapiga honi. Mara ya pili sasa. Mama hajageuka. Kasimama, kajifunga kanga upya kiunoni, kashika lile jani kwa ncha, ananiuliza mbuzi wa Mama Ummy hapo jirani huwa wanamfunga upande gani.