Chupa Namba Nne

3 Februari

Kwako mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mimi kikohozi tu. Wanao watatu hawajambo? Wewe ukivua koti tu mtoto huyo. Mimi na shemeji yako mwaka wa sita, kimya. Daktari kasema mbegu zangu zimeharibiwa na sumu ya wadudu ninayopuliza shambani. Nasikia huko maabara mnawapa panya sumu hiyohiyo, kisha mnawanywesha maji ya majani yanayolinda mbegu zao. Panya! Mimi nabeba pampu ya lita ishirini mgongoni, sina hata barakoa. Niibie chupa moja.

Kaka yako

20 Februari

Kaka,

Shikamoo. Huku salama. Chupa hiyo, namba nne. Nimeitoa roho mkononi. Lakini haijajaribiwa kwa watu, na kwanza tua pampu. Majani yale ni mwavuli, si taulo: aliyekwisha kulowa hayamkaushi.

Mdogo wako

11 Julai

Mdogo wangu,

Hali njema kupita kiasi. Shemeji yako ana mimba ya miezi miwili! Dawa ile ilikuwa chungu, nikajua hii ndiyo yenyewe. Tangu Machi msimamizi wa shamba amenihamishia stoo kwa sababu ya kikohozi, lakini mwezi ujao narudi kwenye pampu. Nimeshakingwa, nihofu nini? Usinune. Najua ulizoea kuitwa baba peke yako.

Kaka yako

15 Julai

Kaka,

Shikamoo. Hongera, ila usirudi! Utafiti umeisha, tumeonyeshwa orodha. Namba nne ni maji matupu yaliyotiwa rangi, ili sisi watunza panya tusijue nani anapewa nini. Kilichokusaidia ni stoo. Nisamehe.

Mdogo wako

30 Julai

Mdogo wangu,

Hatujambo, sasa. Niliposoma “maji matupu” wivu ukanipanda kichwani. Siku tatu nilimchunguza muuza maziwa, fundi bomba, hata wewe uliyelala kwetu Mei. Mwisho nikamwuliza shemeji yako. Akaisoma barua yote.

“Mume wangu, umekunywa maji ukasema chungu, halafu mwongo niwe mimi?”

Akanirudishia barua.

“Na tangu uende stoo ndipo umeanza kuja kitandani bila kunuka sumu. Ulitaka nikusogelee na barakoa?”

Pampu nimewaachia wenyewe. Mtoto akizaliwa, njoo umwone. Ila njoo mikono mitupu.

Kaka yako, baba mtu